Maji ya Kunawa

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Namtamkia babu yako barua hii aiandike, maana vidole vyangu vimekaza tena. Hapa Kisesa hatujambo, na mahindi yamekubali mwaka huu.

Unauliza kama kweli ulikwenda Dodoma kusomea kuogesha na kulisha wagonjwa, kazi ambayo wenzako wanaicheka. Mimi nami nilianzia hapohapo, mhudumu wa wodi kule Sengerema. Siku ya kwanza nilipewa mzee wa Nansio aliyepooza mikono yote miwili. Nikamega tonge la ugali, nikachovya kwenye mchuzi wa sato, nikampelekea mdomoni. Akafumba mdomo. Mchana hivyo, jioni hivyo. Wakubwa wangu wakasema ni mkaidi, atawekewa mpira wa kulishia. Nami nikaona kazi imenishinda, bora nirudi nyumbani.

Kesho yake nikanawa kwenye beseni mbele yake. Akaitazama mikono yangu, kisha akaitazama yake juu ya shuka. Nikashikwa na aibu. Kwa kuwa mikono yake haikuwa ya kugusa chakula, sikuwa nimeona haja ya kumnawisha. Nikaichukua mmoja mmoja, nikaisugua mpaka kwenye kucha, nikaifuta.

"Haya, binti," akasema, "sasa tule."

Wenzako waache wacheke. Babu yako anataka kuweka kalamu chini. Chakula kimeiva, na anakwenda kuleta maji aninawishe.

Bibi yako