Kichuguu cha Luberizi

Yaya Furaha,

Salamu kwako na kwa wote hapo Nyamianda. Mjomba alinichukua kuwinda nguruwe-pori anayemmalizia mpunga hapa Luberizi. Asubuhi, ndani ya ukungu, tulitafuta pa kuegemeza bunduki.

"Jiwe hapana, bunduki itaruka," akaninong'oneza. "Na kijiti cha panda ni cha kule milimani. Hapa kitazama mu matope."

Akachagua kichuguu, akalaza juu yake kifuko cha pumba, halafu bunduki.

"Weye, gusa. Inatikisika?"

Haikutikisika hata kidogo.

Nguruwe akatoka kwenye matete. Mjomba akalenga, akakawia sana. Ndipo nami nikaona mtu amesimama nyuma ya nguruwe, kimya, anatuangalia.

"Mujomba, ule ni nani?"

"Sijue. Nyamaza."

Nguruwe akala mpunga, akaenda zake. Ukungu ulipoisha yule mtu hakuwepo tena; tulikuta nyayo zake kwenye matope, zimeelekea kwetu. Za kurudi hazikuwepo. Mjomba alisema kama bunduki ingekuwa mikononi ingemchosha, na angekuwa amekwisha kufyatua kabla ya kumwona yule mtu.

Kula ndagala, visamaki vya hapo, na sehemu yangu pia, yaya. Nakuambia weye tu: mjomba anasikitikia mpunga, minye nafurahi uliliwa.

Mdogo wako,
Neema