Chumba Kimoja, Vitanda Vitatu

Igoki, uko? Nimekaa kwa ngazi za hoteli hapa Mombasa, sijui hata nifanye nini.

Nilipata chumba kimoja cha bei poa, vitanda vitatu. Mimi, bwanangu Mugendi na mamangu. Meli ya utalii inaondoka kesho asubuhi.

Mama kufika mlangoni akaona begi ya Mugendi kwa kitanda. Akarudi nyuma.

"Gatwiri, unataka nilale chumba kimoja na mkwe wangu?"

Eti "mkwe wangu", Igoki. Hata kwetu Ruiri Mugendi hajawahi lala nyumba ya mama, ni mwiko. Nilisahau aje?

Mugendi ametoka bila viatu. Hoteli imejaa.

Mama ananiuliza, "Lakini kwa meli umelipia vyumba viwili, sivyo?"

Nimesema ndio.

Ni kimoja.