Sauti za Baba kwenye Sanduku la Sebuleni

Nyumbani, ghorofa ya pili, mlango wa kijani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo huko uliko? Mgongo umepoa, au bado unalala sakafuni? Wifi mzima? Na Pilipili wenu je? Mwambie huyo binti yako kwamba nimeliona pengo lake pichani na linampendeza kuliko jino lenyewe. Sisi hatujambo. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata moto ananishinda kupanda ngazi. Mimi mzima, na domo langu ni lile lile.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu aliyekupigia simu juzi. Ni habari ya Baba, Kaka, na kile kinyongo unachoamini alikufa nacho. Nilitaka kuisema kwenye simu, ukaniambia una kazi, halafu ukakata kama unavyofanya kila nikimtaja. Wiki nzima nimeibana kifuani, karibu nipasuke! Lakini ngoja nianzie mwanzo.

Nina seva! Sebuleni kwetu! Usicheke. Ofisi moja inayochapisha makaratasi yake dukani kwetu ilihama, ikaacha sanduku jeusi, kubwa kama mkate, lenye diski mbili ndani. Wenzangu walitaka kulitupa, nikalibeba kwapani hadi nyumbani. Fundi Miwani, yule anayetutengenezea mashine za kuchapisha, alizifuta diski zote akanionyesha namna ya kuliunganisha na ruta ya intaneti. Programu nimeziweka mwenyewe kwa mikono yangu hii. Mara mbili nilikosea nikaanza upya, mara ya tatu likawaka taa za kijani nikapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sasa picha zetu, nyimbo na vyeti vyetu vyote vinakaa humu humu ndani, si kwenye kompyuta ya mtu tusiyemjua. Nikifika tu mlangoni, simu yangu inamimina picha za siku nzima bila mimi kugusa kitu. Mama anatazama picha za harusi yenu kwenye televisheni na kuzisemesha. Mjomba alinipa kanda zake zote za muziki, nimeshaingiza nusu. Anazipiga kinyozini kwake, mtaa wa pili kutoka hapa, na anawaringia wateja kwamba ana redio ya ukoo.

Ila Mama nusura anitie wazimu. Sanduku lilianza kuzimika. Likawa linafanya kazi saa mbili, linazima. Nikabadilisha waya, nikalaumu umeme, nikalaumu diski, nikamwita Fundi Miwani na begi lake zima. Alipoingia sebuleni hakufungua hata zipu. Sanduku lilikuwa limevishwa kitambaa cha kufuma, kile cheupe chenye maua, kimeziba matundu yote ya hewa, na juu yake chombo cha maua ya plastiki. Unamjua Mama, televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata mtungi wa maji una kitambaa. Nikamuuliza, Mama, umelifunika tangu lini? Akanijibu bila aibu, "Tangu siku ya kwanza. Kitu kikae uchi mbele ya wageni?" Tukakubaliana kitambaa kikae chini ya sanduku, si juu.

Baada ya hapo likatulia, nikapata ujasiri wa kufanya lile nililoliogopa. Ile simu uliyomtumia Baba ilikuwa bado kwenye droo ya karakana yake ya useremala, betri imevimba kama andazi. Nilitaka kuokoa picha zake kabla haijafa kabisa. Picha zilikuwa nne, zote za kidole chake. Lakini kulikuwa na sauti, Kaka. Sauti arobaini na moja.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipiga simu ya Mama, ukiomba kuongea na Baba, naye anajibu kutoka karakanani, "Mimi nimeshaongea naye"? Ulisema hajawahi kukujibu hata mara moja tangu ulipoikataa karakana ukaondoka. Mama aliapa kwamba anamsikia akiongea nawe kila mwezi. Mimi nilidhani mzee anaficha aibu, na nikakuambia hivyo. Nisamehe.

Alikuwa anaongea nawe kweli. Alikuwa anafungua kile kinasa sauti cha simu, kile cha kawaida kabisa kisichotuma kitu popote, anasema maneno yake, halafu anabonyeza kitufe chekundu akidhani ndicho cha kutuma. Miaka mitatu! Na sisi wote tulikuwa na akili zetu timamu, na hakuna hata mmoja aliyechungulia.

Nimesikiliza mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, nikasimama hapo kwa sababu ni zako. Ya kwanza inaanza na randa, unasikia mbao zikichongwa, halafu anakohoa. "Halo, mwanangu. Ni mimi, fundi. Ile simu imefika, nashukuru. Nilisema maneno mabaya siku ile. Wewe fanya kazi yako, mimi sina neno nawe. Haya, natuma." Nililia mpaka Mama akaja kuuliza kama sanduku limezimika tena.

Ya mwisho ni ya wiki ile aliyolazwa. Sauti ni ndogo, lakini ni yeye. "Naona hujibu. Kazi nyingi, najua. Si kitu, mwanangu. Ukipata nafasi utasikiliza. Haya, natuma."

Zote arobaini na moja nimeziingiza kwenye sanduku, katika folda yenye jina lako. Ziko kwenye diski zote mbili, na nakala ya tatu iko kwenye diski ndogo iliyofungiwa kabatini kwa Mjomba. Hazipotei tena. Kwenye bahasha hii kuna kikaratasi cha bluu chenye anwani ya intaneti ya sanduku letu na neno lako la siri. Viandike kwenye simu yako mwenyewe, na usimpe mtu. Utamsikia Baba ukiwa huko huko ulipo, kama uko hapa sebuleni.

Wasalimie sana Wifi na Pilipili, umsikilizishe babu yake. Mjomba anakusalimu na anauliza nywele zako anakunyoa nani huko. Mama anakupa salamu nyingi, na ameniapia kwamba hatafunika kitu chochote ndani ya nyumba hii mpaka umalize kusikiliza. Mungu akulinde, akupe afya na usingizi mzuri, wa kitandani safari hii.

Bahasha nimeshaibandika stempu, na kesho asubuhi naifikisha posta kwa mkono wangu, nisimame pale mpaka niione inaingia kwenye mfuko. Haya, natuma.

Wako akupendaye,
Kasuku