Kamba Yako Haina Kosa

Lubunga, ng'ambo ya Kisangani
Tarehe 14 Septemba 1958

Mpendwa Tonton Dominique,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, mtoto wa dada yako, pamoja na za Micheline mke wangu na binti yetu Germaine. Mgongo wako unaendeleaje? Na kikohozi cha Tantine Simone kimepungua? Huku mvua zimeanza, nadhani na huko Barumbu pia. Mwambie asikae mlangoni jioni.

Sisi ni wazima. Neno hilo lisome mara mbili, Tonton: wazima. Mkono unaoandika barua hii ndio ule ule ambao Assumani alikuambia umekatika.

Assumani ni rafiki yangu na samaki wake wa chumvi ni wazuri, lakini habari hazikai tumboni mwake. Alipanda boti siku ile ile niliyopata ajali, akakuletea nusu ya habari. Wiki hii amerudi, akaniambia kwamba tangu uliposikia, umeitupa kamba yako ya kupimia miti mtoni, hujagusa shoka, na mtumbwi uliouanza umelala msituni unaota uyoga. Eti unasema kupima kwa kamba ulikonifundisha ndiko kulikotaka kuniua. Tonton, hilo limeniuma kuliko bega. Ngoja nikueleze yote ujue kosa ni la nani.

Unajua kazi yangu ni kupanda juu ya miti ya barabarani na kupunguza matawi yanayotishia nyumba na nyaya. Miaka yote tulitumia panga na msumeno wa mkono. Mwezi wa sita patron, bwana wetu wa kazi, alileta misumeno miwili ya mashine, ile yenye mnyororo wa meno unaozungushwa na injini ya petroli. Mmoja mkubwa, upanga wake unanifika kiunoni ukiusimamisha chini. Mwingine mdogo, tukaucheka, tukauita mutoto. Patron akaniita mbele ya wenzangu akasema: nyinyi ndio mnaopanda, chagua wewe. Kazi ya kwanza ilikuwa msufi mkubwa ulio karibu na uwanja wa ndege wa Simi-Simi.

Mimi nikajiona mwana wa wachonga mitumbwi. Nikatoa kamba uliyonipa nilipooa, nikauzungushia msufi chini, kama tulivyokuwa tukifanya mimi na wewe. Nikaweka fundo, nikaikunja mara tatu kupata unene. Lo! Hata msumeno mkubwa haukuufikia unene ule nusu yake. Nikasema basi, kama mkubwa wenyewe ni mdogo, mutoto atafanya nini hapa? Wenzangu wakanipigia makofi. Hilaire, anayenishikia kamba chini, peke yake aliuliza: "Lakini Édouard, we utakata shina ao utakata matawi?" Nikamjibu kwamba kwetu tunapima miti tangu hajazaliwa. Ni mkubwa kwangu kwa miaka minne.

Nikapanda. Wakaniletea msumeno kwa kamba yake. Kuushika tu kulitaka mikono miwili, Tonton, hata wa kujishikia tawi haukubaki. Nikawa nimesimama juu kwa miguu na mkanda wa kiunoni, nimekumbatia mzigo unaonguruma. Nikaanza kukata tawi moja, na ncha ya ule upanga mrefu, ambayo sikuiona, ikagusa tawi jingine nyuma yake. Mashine ikaruka kunirudia usoni. Nikaiachia. Kamba yake ikaidaka, ikabembea, ikanipiga bega, nami nikateleza, nikaning'inia kwa mkanda kichwa chini.

Nilikuona wewe, sikufichi. Halafu nikamwona Germaine. Niliogopa sana.

Hilaire alinishusha taratibu, hakunidondosha hata mara moja. Bega lilikuwa limeteguka, paji la uso limechubuka, basi. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimelisikia la mkuu na bado nimeteguka bega!

Nilikaa nyumbani wiki tano. Micheline hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuchukua mkanda wangu wa kupandia akaupeleka kwa mama yake kule Yanonge, kwa mtumbwi, ili nisiufikie. Patron naye alituma ujumbe kwamba kama mke hataki, nitabaki chini kuokota matawi. Ningekuwa mtu wa kuokota matawi, Tonton, baada ya miaka tisa ya kuyaangusha.

Nikiwa kitandani na kamba uliyonipa ukutani, ndipo nilipokumbuka. Wewe hukuniambia kamwe nipime chini. Uliniambia: "Pima fasi shoka itapita," yaani mahali penyewe. Kwa mtumbwi shoka hupita chini, kwa hiyo tulipima chini. Mimi nikabeba desturi, nikaacha maneno. Juu ya msufi hakuna anayekata shina!

Bega lilipopona nilimwomba Hilaire apande na kamba ile ile. Akaizungushia tawi nene kuliko yote tuliyotakiwa kukata, akaweka fundo. Tukaikunja mara tatu: haikufika hata urefu kutoka kiwiko changu hadi ngumi. Mutoto anaivuka na kubakisha. Kumbe tuliyemcheka ndiye wa kupanda naye. Mkubwa ana kazi yake chini, shina likishalala.

Nilipomweleza Micheline, hakutaka maneno. Alikuja mwenyewe kwenye bohari, amembeba Germaine. Akanipa mtoto, akaunyanyua msumeno mdogo, akauweka kiunoni pale pale alipokuwa Germaine, akatembea nao mpaka mlangoni na kurudi. Akaujaribu na ule mkubwa, akauweka chini upesi. Kisha akasema: "Huyu mudogo iko uzito wa mutoto wetu. Mutoto unajuaka kumubeba. Bon, panda." Mkanda ukarudi kutoka Yanonge na mkungu wa ndizi juu yake.

Jumatatu nilimaliza msufi. Mguu mmoja kwenye pacha ya tawi, mkanda umekaza, na ncha ya msumeno naiona muda wote. Nilipofika chini niliufungua mkanda mwenyewe. Hilaire alilia, anasema ni vumbi la mbao.

Sasa sikiliza. Assumani anakuletea kifurushi. Ndani yake ni kamba uliyonipa nilipooa, maana yako umeitupa. Ina mafundo mawili. La mbali ni shina la msufi, hapo ndipo nilipokosea. La karibu ni tawi. Usiyafungue, lakini chukua shoka, nenda msituni, ukapime ule mtumbwi.

Nisalimie Tantine Simone, kaka Augustin, na Germaine mkubwa, bibi ambaye binti yangu amepewa jina lake. Mungu awalinde mtoni na nchi kavu. Nitakuja Noeli na Micheline na mtoto, tukitokea Yanonge, na bandarini kwenu sitaki kuvushwa na mtumbwi wa mtu mwingine.

Mimi mtoto wako akupendaye, mzima, mikono miwili,

Édouard