Mafuta Yasiyojua Moto

Tarehe 6 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya huku hayaishi. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, maana wewe kukaa hujui. Nisalimie wote hapo kibandani, hata yule fundi cherehani jirani yako anayekula viazi vyako huku akivikosoa.

Barua yako ya mwezi uliopita ilifika na doa la mafuta kama kawaida, safari hii katikati kabisa, likameza neno zima. Umeandika "binti wa fundi ameolewa na", halafu doa. Ameolewa na nani, mama? Wiki mbili nimekuwa nikikisia.

Sasa sikia. Nilikuambia kiwanda chetu kinanunua mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, kutoka kila pembe ya dunia, kinayageuza dizeli ya malori. Kazi yangu ni kupokea madumu uani, kuyafungua, kuchota kikombe kimoja, kupima na kuandika. Jumanne wakashusha kontena, nikaona dumu la njano limeandikwa kwa rangi nyekundu: 317. Saba ina mkia. Mama, mkia ule naujua tangu unaniandikia madaftari ya shule! Si ndiyo namba aliyokupa Bwana Madumu, yule anayepita kukusanya mafuta yako machafu?

Nikafungua, nikanusa. Samaki, viazi, na kitunguu kilichoungua kidogo kwa kuwa ulikuwa unapiga soga. Nilikuwa nyumbani dakika nzima, mpaka msimamizi akaniuliza kama nimezimia.

Usicheke. Wewe ndiye uliyeniita Pua, kwa sababu nikitoka shule nilijua kilichoko jikoni kabla sijafika kona. Kila mwezi nitalisubiri dumu lako. Kuliona ni kama kukuona mlangoni.

Mwanao,
Pua

*

Tarehe 1 Machi

Mwanangu Pua,

Marahaba. Sijambo, mgongo ndio unaolalamika, lakini mgongo wangu haujawahi kuridhika na kitu. Unakula? Mafua ya miezi mitatu si mafua, ni uzembe. Vaa soksi.

Ameolewa na dereva wa lori. Haya, pumzika.

Habari ya dumu nimeisoma mara nne. Nilimsomea fundi cherehani, akasema, "Mafuta yana bahati kuliko sisi, yamefika yakamwona kijana." Nikacheka, halafu nikaenda kuosha sufuria ambayo nilikuwa nimeshaiosha. Nimekukosa, mwanangu. Sisemi ili uvunje mkataba, umebakiza mwaka mmoja na nusu na utaumaliza. Nasema kwa kuwa ni kweli, na kwenye simu siwezi kulisema, nikisikia sauti yako naishia kuuliza kama umekula.

Nina swali. Bwana Madumu anatuambia mafuta yetu yanaiokoa dunia, eti lori likiyanywa hewa inabaki safi. Mimi nimesimama juu ya mafuta miaka ishirini na sita, moshi wake macho yangu yanaujua. Wewe unayeyapima niambie: ni mazuri kweli, au tunapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa?

Mama yako

*

Tarehe 22 Machi

Mama,

Shikamoo. Soksi nimevaa, mbili mbili. Mgongo je?

Swali lako hapa kiwandani hakuna anayeliuliza, tunaulizana mafuta ni kiasi gani. Nitakujibu ninavyojua. Moshi upo, mama, asikudanganye mtu. Ila mafuta yako yalishamaliza kazi. Yaliwalisha makondakta na wanafunzi, na baada ya hapo ungeyamwaga mtaroni. Lori likiyanywa, halijaomba shamba jipya wala kisima kipya. Hapo Bwana Madumu hajakosea.

Shida ni mtu akichukua mafuta mapya, ambayo hayajamkaangia yeyote hata kiazi kimoja, akayaita machafu ili yapate soko, maana huku yaliyotumika hulipwa ghali kuliko mapya. Mafuta hayo nyuma yake kuna shamba, na lile shamba jana lilikuwa msitu. Halafu kuna mama kama wewe anakwenda dukani anakuta rafu tupu. Dumu linafanana, karatasi zinafanana. Ndiyo maana wanaajiri watu wenye pua.

Dumu lako la mwezi huu limefika. Ulikaanga samaki wengi kuliko viazi. Kulikuwa na nini, mvua ilizuia malori ya viazi?

Nakukumbuka mpaka naona aibu, mtu mzima kusimama uani ameinamia dumu.

Mwanao,
Pua

*

Tarehe 30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Hapa wote wazima. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilinizidi.

Mjomba wako alikuja kutoka kule mlimani. Anasema msitu wa juu ya chemchemi umekatwa wote, imepandwa michikichi kwa mistari iliyonyooka, ile ya mwanzo imeshaanza kuzaa, na chemchemi sasa inatoa maji ya kujaza ndoo mbili tu kwa asubuhi nzima. Na mafuta ya kukaangia dukani yamekuwa adimu, ukiyaona leo kesho huyaoni. Nikakumbuka maneno yako.

Mimi nakaanga kama kawaida. Madumu yanafika? Niambie kama unaiona namba yangu.

Mama yako

*

Tarehe 17 Agosti

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili, moyo ndio uko juu juu. Nitasema moja kwa moja.

Barua zako tatu zilizopita ziko mbele yangu mezani, ile ya Mei na hizi mbili fupi za juzi. Nimezigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Safi. Hakuna doa hata moja. Tangu nifike huku sijawahi kupata barua yako ambayo haina alama ya kidole.

Nikajiambia labda mama ameanza kunawa mikono. Lakini Jumatatu dumu 317 lilishushwa. Saba na mkia wake. Nikafungua, nikanusa, sikusikia kitu. Nikachota, mafuta yakapita kwenye kikombe meupe kama maji ya mvua. Nikapima asidi, ambayo moto huiongeza, ikawa kidogo mno: ni mafuta mapya, mama, hayajui moto. Nikarudi kwenye daftari la miezi iliyopita, nikaona siku zangu za mapumziko mwenzangu alipokea 317 ya Juni na 317 ya Julai, akachota sampuli bila kuzipima, kwa kuwa karatasi zilikuwa kamili. Nikazitafuta sampuli kabatini. Zote nyeupe.

Nimejaribu kukudhania ulaghai nimeshindwa. Basi limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonikosesha usingizi. Wewe hukaangi tena. Kwa nini hukaangi, mama? Umepatwa na nini? Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Pua wako

*

Tarehe 9 Septemba

Mwanangu Pua,

Marahaba, baba. Nilijua pua hiyo itanifikisha mahakamani siku moja.

Mwezi wa Aprili, siku ya nane, mguu wa jiko uliteleza, sufuria ikapinduka. Mafuta yakanimwagikia mguu wa kushoto. Kidonda kikakataa kupona, kumbe nina sukari na sikuwa na habari. Mwezi wa Mei wakanikata vidole vitatu. Havikuwa na kazi kubwa, lakini bila hivyo mtu hasimami, ninaegemea kiti kama mtoto anayejifunza kutembea. Barua ya "nakaanga kama kawaida" niliiandikia kitandani hospitalini. Nisamehe. Wanasema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Mimi nimeumia nikiwa zizini tayari, sasa nirejee wapi?

Nilikuficha kwa kuwa nakujua. Ungeuacha mkataba siku hiyo hiyo.

Na dumu, hilo nalo nikuambie. Bwana Madumu alikuja kunijulia hali. Nikamwambia anifute kwenye orodha. Akasema si lazima, yeye ana mafuta mengine atajazia, nimwachie namba tu. Hakunipa kitu, wala sikumwomba kitu. Niliwaza maneno yako, kwamba kuliona dumu ni kama kuniona mlangoni. Nikasema mwanangu asije akafungua kontena asinikute. Basi kila mwezi ananiletea dumu tupu, nimekaa kitandani na brashi, naandika 317, mkia wa saba nauvuta vizuri ili usiwe na shaka. Sikuuliza atatia nini ndani. Nilijitia ujinga, kwa sababu nilitaka kuja kukuona kila mwezi.

Sasa naelewa nilichokuja nacho. Yawezekana ni mafuta ya michikichi ile ile ya juu ya chemchemi ya mjomba wako, yamesafishwa wekundu wote, yamesafiri kwa jina langu.

Mama yako

*

Tarehe 30 Septemba

Mama,

Shikamoo. Nimelia chooni kwenye zamu, halafu nikakasirika, halafu nikalia tena. Miezi mitano! Nimekupigia mara nne wiki hii na kila mara umeniuliza kama nimekula. Kidonda kikoje sasa? Unatumia dawa? Nani anakupikia?

Sijui nifanye nini, naomba uniambie kama ulivyokuwa unaniambia zamani. Nimefungua madumu mengine ya kontena lile. Kati ya arobaini, ishirini na tisa hayajui moto. Nilimwonyesha msimamizi. Akasema, "Wewe umeajiriwa kuchota au kuhukumu?" Nikiandika taarifa kwa wakaguzi, watafunga mlango kwa madumu yote ya kwetu, hata ya wenzako ambao bado wanakaanga kweli. Na wa kwanza kuandikwa utakuwa wewe, kwa kuwa ushahidi wangu ulianzia kwako. Jina la mama yangu nianze nalo kwenye karatasi ya udanganyifu? Nisipoandika, kila lori litakalopita hapa na picha ya jani la kijani ubavuni, eti linaokoa dunia, nitajua limekunywa nini.

Mwanao

*

Tarehe 19 Oktoba

Pua,

Marahaba. Kidonda kimefunga. Ananipikia fundi cherehani, na sasa mimi ndiye ninayekosoa.

Andika. Anza na namba yangu, usiifiche katikati. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi kwa mguu huu hata hiyo fupi siiwezi.

Mama yako

*

Tarehe 14 Desemba

Mwanangu,

Wiki nane sijapata neno lako, na simu yako haiiti. Najua umeandika, kwa sababu huku tumeona. Bwana Madumu hapiti tena. Wengine wanasema amehama, wengine wanasema anakusanya vyuma. Wakaangaji wenzangu wananitazama kwa jicho la pembeni, na wana haki, mafuta yao yalikuwa ya kweli. Sasa wanayamwaga mtaroni kama zamani, mtaro umeziba, na kwa mvua ya wiki iliyopita maji yameingia hadi kwenye cherehani ya fundi. Hilo nalo liandike mahali. Nimewaita, nimewaeleza yote, kuhusu mguu na kuhusu brashi. Mmoja aliondoka. Waliobaki tulikaa mpaka chai ikaisha.

Jana fundi alinitengenezea kiti kirefu chenye mkono wa kuegemea. Akawasha jiko, akaniwekea sufuria, akasimama karibu na ndoo ya mchanga kama askari wa zimamoto. Nimekaanga, Pua. Viazi tu, sufuria moja, nimekaa. Vikaungua upande mmoja kwa kuwa kugeuza nikiwa nimekaa sijakuzoea, akavikosoa vyote akavila vyote.

Mafuta nimeyachuja, nimeyaweka kwenye chupa dirishani. Nitaendelea kuyakaangia mpaka yachoke kabisa, halafu sitampa mtu. Nataka uyapime wewe. Halafu unijibu lile swali langu la Machi, maana sasa silielewi kuliko nilivyokuwa silielewi. Ni mazuri, au si mazuri?

Naandika barua hii hapa hapa jikoni. Mkataba bado una miezi mingi, najua. Sikuharakishi. Nimekukosa tu.

Mama yako

*

Tarehe 8 Januari

Mama,

Shikamoo. Nisamehe ukimya. Nilipeleka taarifa, namba yako ya kwanza. Wakaguzi walikuja, wakafunga yadi siku kumi. Walipoondoka, mimi nikahamishiwa kuosha matangi, nikanyang'anywa simu ya kazi na chumba cha kampuni. Juzi wameniambia mkataba unaishia hapa, na tiketi wamenipa. Msimamizi alinipa mkono, akasema nilikuwa mchotaji mzuri.

Swali lako nimelibeba hadi ndani ya matangi, na jibu moja sikulipata. Kwa yale ya michikichi ya mlimani, si mazuri, hata wayapake rangi ya kijani mara saba. Kwa yale ya wenzako yanayoziba mtaro, yangekuwa mazuri, na mimi nimeyafungia mlango. Nikija nataka tukae nao tutafute njia, hata kama ni kuendeshea jenereta ya kliniki hapo mtaani. Mtu akiniuliza tena kama mafuta haya yanaisaidia dunia, nitamuuliza kwanza yalikaanga nini.

Barua yako ilinikuta getini, nimebeba begi. Ina doa mama, kubwa, kona ya chini kulia, limemeza nusu ya "mama yako". Sikuwa na kikombe wala dawa ya kupimia. Nikaliweka puani hapo hapo barabarani, mlinzi ananitazama.

Viazi. Vimeungua upande mmoja.

Nafika Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Usije kituoni na mguu huo, na usimtume mtu kunipokea. Washa jiko tu. Kuanzia kona nitajua njia.

Mwanao,
Pua