Kikapu cha Beatrice kwenye Meza ya Muungano

Kisiba,
14 Aprili 2024

Mjukuu wangu Lightness,

Ugonile? Umeamkaje huko bwenini? Sisi tupo, tunamshukuru Kyala, Mungu wetu, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika maharage, na goti langu la kushoto linaijua mvua kabla ya redio. Mjomba wako Francis ananiuliza kwa nini nisikupigie kwa simu yake kupitia kwa mwalimu. Nimemwambia simu yake inapiga kelele kama spika ya mnadani, nikikusalimia wewe kijiji kizima kinaitikia. Afadhali karatasi.

Vitu vya asili ulivyoomba kwa ajili ya meza ya sherehe ya Muungano nimevipata. Nimezunguka siku nne. Ackson wa bodaboda atakuletea kwenye kiroba, nimevifunga kwa majani makavu ya migomba visigongane. Kuna vyungu viwili vya Wakisi, vile nilivyonunua Matema mwaka niliokuwa bado na nguvu za kubeba. Kuna mkeka wangu. Kuna kibuyu cha maziwa cha mzee Ezron, usikioshe kwa sabuni, ataninunia mpaka Krismasi. Ameniuliza, "Kwa hiyo siku hizi serikali inakuja kutazama vibuyu?" Nikamwambia serikali inakuja kumtazama mjukuu wangu.

Halafu kuna kikapu kidogo chenye mfuniko. Hicho ni cha jirani yetu Bibi Esnath. Nimekwenda kwake mara tatu. Ya kwanza akaniuliza habari za ng'ombe. Ya pili akanipa kande, nikala, nikaondoka. Ya tatu akaingia chumbani akakitoa mwenyewe, kimefungwa kwenye kanga. Alikisuka binti yake Beatrice, ndiyo kazi yake ya mwisho kabla hajafariki. Hakijawahi kulala nje ya nyumba ile. Nimemwambia kimetoka kwa mkono wangu, kitarudi kwa mkono wangu. Umenisikia, gwe?

Kula vizuri. Usiogope watu, hawang'ati.

Bibi yako,
Tupokigwe


Tukuyu,
21 Aprili 2024

Shikamoo Bibi, na goti nalo nalipa shikamoo yake.

Mimi mzima. Kikohozi kimeisha, baridi ndiyo haijaisha. Vitu vyote vimefika bila hata ufa. Ackson alivishusha getini kama anashusha mayai, akamwambia mlinzi, "Bibi yake huyu amenitisha, nimekuja kwa gia ya kwanza toka Kisiba."

Bibi, ungeiona meza yetu! Madam Leah, mwalimu wetu wa historia, ametuonyesha namna ya kutandika kitambaa cheusi halafu tunapitisha kijani, njano na bluu kwa mshazari, kama bendera yenyewe. Upande mmoja ni Visiwani, yeye kwao ni Pemba, ameleta kawa mbili za rangi, za kufunikia chakula, alizopewa siku ya harusi yake. Upande wa pili ni Bara, maana yake ni wewe. Mkeka wako umelala chini ya ndizi na parachichi. Vyungu vimekaa pembeni na maua. Kikapu cha Bibi Esnath nimekiweka katikati kabisa, pande zote mbili zinapokutana, kwa sababu kila anayepita anasimama hapo. Hata wavulana wa kidato cha nne waliacha kelele zao.

Kuna jambo moja linaninyima raha. Wamenichagua mimi nimweleze mgeni rasmi vitu vya meza, kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza. Wamesema nina matamshi mazuri. Unajua mimi nikitazamwa na watu watatu sauti inarudi tumboni. Nafanya mazoezi bafuni, wenzangu wanagonga mlango: "We Lightness, unahutubia ndoo?"

Niombee.

Mjukuu wako,
Lightness


Tukuyu,
28 Aprili 2024

Shikamoo Bibi,

Habari za nyumbani? Mimi sijambo. Sherehe ilipita salama, mvua ilinyesha lakini tulikuwa chini ya turubai. Nilieleza mpaka mwisho.

Ackson anarudi na vyungu, mkeka na kibuyu cha mzee Ezron. Mwambie ndaga fijo, asante sana. Hakikuguswa na sabuni.

Kikapu kimebaki kidogo, Madam anataka kukipiga picha. Kitafuata.

Nina mitihani, ndiyo maana barua ni fupi.

Mjukuu wako,
Lightness


Kisiba,
9 Mei 2024

Mjukuu wangu,

Habari za mitihani? Huku wazima, isipokuwa mbuzi wa Francis amekula daftari la kwaya, sasa sauti ya tatu tunaimba kwa kukumbuka.

Vitu nimevipokea, na kibuyu nimekirudisha kwa mwenyewe. Mzee Ezron alinusa kibuyu chake mbele yangu, bila aibu, halafu akatikisa kichwa kama daktari. Ameridhika.

Bibi Esnath hajauliza kitu. Yeye hana tabia ya kuuliza. Ila Jumapili kanisani alikaa benchi langu, na yeye siku zote hukaa la mbele. Jumanne alileta maboga mawili, na mimi maboga ninayo, anayaona kila siku. Nimemwambia wanapiga picha. Akasema, "Haya."

Hiyo picha ni ya namna gani inayochukua wiki mbili?

Bibi yako,
Tupokigwe


Tukuyu,
25 Mei 2024

Shikamoo Bibi,

Natamani barua hii ikukute umekaa. Afya yangu nzuri, siumwi, usishtuke kwa hilo.

Hakuna picha. Niliongopa. Kikapu cha Bibi Esnath hakipo shuleni, wala Tukuyu hakipo. Nimeianza barua hii mara nne. Ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza, ikatoka vizuri sana, kana kwamba jambo lilimpata msichana mwingine kwenye kitabu cha kusoma. Nikaichana.

Ilikuwa hivi. Shule iliagiza picha kubwa ya fremu ya kumzawadia mgeni rasmi. Siku ile mvua iliharibu barabara, gari lililokuwa linaileta kutoka Mbeya likakwama. Mgeni ameshafika, kwaya imeshaanza. Mkuu wa shule akanijia nyuma ya meza, suti imelowa mabegani, akaniinamia sikioni:

"Lightness, hiki kikapu ni cha kwenu?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu vitu vyote vya upande ule vilitoka kwetu.

"Tukimpa mgeni kama zawadi, nyumbani hawatajali?"

Bibi, nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo, "si chetu," ni maneno mawili tu. Lakini alikuwa ananitazama yeye, na Madam kwa mbali, na msururu wote wa viti vya mbele. Nikatikisa kichwa kukubali. Sijui kwa nini nilikubali. Kukubali kulikuwa kwepesi, hakuhitaji sauti.

Akanipiga bega: "Binti mzalendo!"

Halafu mshereheshaji akasema anayekabidhi niwe mimi. Nikakibeba, akina mama wa kamati wanacheza nyuma yangu, vigelegele, wenzangu wanapiga kelele, "Mpe! Mpe!" Mgeni alikipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu wa heshima, sina la kumlaumu. Akaniuliza, "Nani amesuka kazi nzuri hivi?"

Nikasema, "Akina mama wa kijijini."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, Bibi. Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri.

Wiki mbili nilikaa kimya. Barua yako ilipofika nikamwambia Madam Leah. Alikaa chini akashika kichwa. "Si tulikuuliza, mwanangu? Si ulikubali?" Alimpigia simu yule mgeni pale pale. Amehamishiwa Tabora, mizigo ilishatangulia na lori, na vitu vingine mkewe aliwagawia majirani wakati wa kufunga. Alisema atakitafuta. Madam amepiga tena mara tatu. Jana haikupokelewa.

Sijui nisemeje. Nisamehe ni neno dogo.

Mjukuu wako,
Lightness


Kisiba,
28 Mei 2024

Lightness,

Barua nimeipata. Nimeisoma jikoni, halafu nimeisoma tena uani kwenye mwanga, nikidhani labda nimekosea.

Nimelia kidogo, nimemaliza.

Bibi Esnath sijamwambia. Nilitaka kwenda, nikafika kwenye mchongoma wake nikageuka. Si kwamba naogopa. Kuomba niliomba mimi, lakini kutoa ulitoa wewe. Shule inafungwa Ijumaa. Utakuja, utakwenda kwake kwa miguu yako, utamwambia. Sitakusindikiza.

Njoo na sweta, baridi imeanza.

Bibi yako,
Tupokigwe


Kisiba,
14 Julai 2024

Mjukuu wangu Lightness,

Umefikaje shule? Hapa tunaendelea, tunakohoa na kunywa chai.

Ulikaa nyumbani siku thelathini. Nilikuwa nahesabu, nisamehe. Kila asubuhi nilisema moyoni, leo. Ukaondoka hujasema. Nilikuona siku ya mwisho umesimama na begi pale kwake, anakuombea safari njema, na wewe unatazama viatu.

Basi Jumanne nilikwenda mwenyewe. Nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, nilishindwa hata kukaa. Akaniacha nimalize. Akasema, "Tupokigwe, najua tangu mwezi wa tano. Ackson alikuwa getini siku ile, ameona mtoto anakitoa."

Nikamuuliza, sasa mbona ulinyamaza?

Akasema, "Nilikuwa namngoja mtoto."

Kumbuka sasa. Kila siku ya likizo alikuwa anakuita: njoo unimenyee ndizi, njoo unisomee Zaburi, macho yangu mabaya. Macho yake si mabaya hivyo, anatunga uzi kwenye sindano. Alikuwa anakupa nafasi. Siku thelathini, Lightness. Na mimi niliyekuwa nakuona unaingia kwake na kutoka, kila jioni nilidhani labda mmeongea, mpaka nilipokuona siku ile na begi.

Jumatano mwanawe Lazaro amekuja kumchukua akakae naye Kiwira, ana duka la saruji na misumari pale barabarani. Safari hiyo ilipangwa tangu Pasaka, haihusiani na kikapu. Aliniaga vizuri. Vizuri kama mtu anavyoagana na mwenye duka.

Sikuandikii kukuumiza. Nakuandikia kwa sababu Kiwira na Tukuyu si mbali.

Bibi yako,
Tupokigwe


Tukuyu,
28 Julai 2024

Shikamoo Bibi,

Natumaini kikohozi kimepungua. Mimi sina ugonjwa wa kutaja.

Nimekwenda. Jana, Jumamosi. Madam Leah aliniombea ruhusa, akataka kunisindikiza, nikamwambia hapana. Lilinitoka tu hilo "hapana", wote wawili tukashangaa.

Bibi Esnath alikuwa nyuma ya duka la Lazaro, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekonda. Ugali wa shule umekwisha?"

"Nimekuja kusema jambo."

"Sema."

Nikasema. Sikulifupisha. Nilimwambia la mkuu wa shule na kichwa nilichotikisa, la makofi, la Tabora, na zile siku thelathini. Mkono wake haukusimama, maharage mabovu huku, mazuri huku. Aliinua macho mara moja tu.

"Huyo mtu alipouliza nani amesuka, ulimjibu nini?"

"Akina mama wa kijijini."

"Beatrice hakuwa akina mama," akasema. "Alikuwa mmoja. Mbishi, anapenda ndizi mbichi na chumvi, anacheka kama anapaliwa. Ungewatajia watu jina lake tu, hata kikienda Tabora kingekwenda na jina."

Nikaanza kulia.

"Usinililie hapa," akasema, lakini si kwa ukali. "Wateja wa Lazaro watadhani tumefiwa, wataacha kununua misumari."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Haya. Umesema." Hakusema zaidi, Bibi, nami sitakuongezea la kukufurahisha. Aliniletea chai na kiazi. Nikamsaidia kuchambua mpaka ungo ukaisha. Aliniuliza masomo, nikamjibu. Nilimwambia kwamba Jumatatu nitaomba niseme mbele ya shule nzima, mstarini, kikapu kilikuwa cha nani na kilisukwa na nani. Akasema, "Ukiweza." Halafu akasema, "Na jina la ukoo ulitaje, Mwakasege. Beatrice wako wengi."

Kisha nikaaga. Akasema haya, safari njema, akabaki pale pale kwenye kigoda.

Bibi, wewe unamjua. Hata mtu aliyekuja kuazima kiberiti Bibi Esnath humtoa mpaka njiani, akashika kiuno akamwangalia mpaka apotee. Jana nilipita katikati ya mifuko ya saruji peke yangu. Nilitembea polepole sana mpaka barabarani, nikidhani labda anavaa kandambili aje kunitoa.

Gari lilipokuja nilitazama nyuma. Lazaro alikuwa anampimia mtu bati.

Mjukuu wako,
Lightness