Jabali Anaanza Upya

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Wanamfuta Jabali! Dawudi ndiye aliyeleta habari. Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka kwenye kibanda cha video, macho yanauma kwa jua, na yeye kasimama mlangoni na bodaboda yake, simu mkononi, anatangaza kama mtu wa msiba. Studio imeamua. Filamu zake zote tatu hazihesabiki tena. Mwigizaji mpya, kijana, na hadithi inaanza upya kabisa.

Nani kawaambia wafanye hivyo? Mtu hafuti kitu kinachopendwa kama hana anachoficha. Ndivyo ninavyoona mimi.

Ubishi ukaanza palepale, nadhani Nateete nzima, mtaa wetu hapa Kampala, ilitusikia. Huguette, rafiki yangu msusi, mtu wa Bukavu mwenye sauti ya kuvunja glasi, alisema bale batu ba studio, wale watu wa studio, wamelaaniwa. Dawudi akasema afadhali, Jabali wa sasa amezeeka, tumbo linatangulia kufika. Halafu akatoa lililo baya zaidi. Inasemekana kwenye filamu mpya yule mtoto wa darajani hatakufa.

Mtoto wa darajani! Huyo ndiye filamu ya pili nzima. Jabali anageuka jiwe, analibeba daraja mgongoni ili watu wavuke, na mdogo wake anabaki nyuma, maji kiunoni, mpaka mto unamchukua. Hapo kibanda kizima hulia. Mimi hulia kuliko wote, na sababu yangu sijamwambia mtu.

"Ile mtoto asipokufa, Jabali atatoa wapi hasira?" Huguette alifoka. "Atakuwa tu jiwe ya bure!"

"Wewe nawe," Dawudi, Mganda wetu, akamjibu. "Watoto wamekufa mingi. Huyu moja aishi, banange."

Nami nikapayuka. Nilisema aliyekufa abaki amekufa, wasituchezee! Watu walinigeukia. Hata mimi nilijishangaa.

Kisha Huguette akauliza: na kandambili za dada je, wataziondoa nazo? Maana mtoto anapozama hulia, "Kaka, nimevaa kandambili za dada, zinateleza!" Dawudi akacheka. Kandambili gani? Yeye amemwona Jabali kwa Kiganda kule kwao Kawempe mara nyingi tu. Hakuna kandambili.

Tulimzomea mpaka akawasha pikipiki. Mwongo yule. Kuna kitu anataka.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimezunguka Nakasero na vitenge vya kuuza begani, ofisi hadi ofisi. Askari mmoja wa getini alinitazama sana mkoba. Mwingine hakunitazama hata kidogo, na huyo ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi.

Kichwani kandambili tu.

Nitaliandika mara moja, basi. Siku tuliyokimbia vita kwetu Kongo, mdogo wangu Tresor alivaa kandambili zangu. Zake zilipotea kwenye vurugu. Tulikuta mto, daraja la miti, watu wanasukumana. Mimi nikatokea upande huu. Yeye hakutokea. Mama alikufa hapa Kampala akisema mtoto yupo hai, yupo mahali. Mimi nilisema amekufa. Nilipolisema ndipo nikaanza kupata usingizi, na tangu hapo sitaki mtu aliguse.

Miaka ikapita, siku moja Huguette akanivuta kibandani, nikamsikia mtoto wa Kizungu analia kandambili za dada. Nikasema, kumbe hata huko Ulaya watoto kama Tresor wapo! Ndivyo nilivyokuwa shabiki wa Jabali. Si kwa misuli yake.

Sasa kama Dawudi hadanganyi? Maneno yale yametoka wapi?

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikukuu ya Uhuru wa Uganda. Ofisi zimefungwa, hakuna wa kumuuzia. Nilimpigia Dawudi, nikamwambia anipeleke Kawempe anionyeshe hiyo filamu yake isiyo na kandambili. Alifurahi kupita kiasi. Nikakaa nyuma ya boda nimeshika mkoba kwa mikono yote miwili.

Kibanda chao ni kikubwa kuliko chetu na kinanuka muhogo wa kukaanga. VJ wao, yule mfasiri wa filamu, ni kijana, anasimulia kwa Kiganda huku anakimbia huku na huku na maikrofoni. Darajani alitia mzaha! Mtoto anazama, yeye anamwambia Jabali aharakishe, matooke yanapoa. Watu walicheka. Nilitaka kumrushia kiatu.

Hakuna kandambili.

Nikasema huyo naye kaharibu, haaminiki. Nikamtaka Dawudi atafute filamu yenyewe, isiyo na VJ. Aliipata kwenye simu. Tulisimama chini ya kivuli cha duka la mabati, simu machoni na sikioni kwa zamu. Mtoto anatamka neno moja tu, na hata mimi mwenye Kiingereza cha sokoni nalielewa. Anamwambia kaka yake: nenda.

Basi. Neno moja. Na miguu yake haionekani hata mara moja, imo ndani ya maji.

"Umeona, dada? Mimi hapana danganya mutu," Dawudi alisema. Hakuonekana tena kama mtu aliyeshinda. Aliniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nilikuwa nashuku studio. Nilikuwa nashuku Dawudi. Na mtu mwenye maikrofoni je?

VJ Aristide. Ndiye anayetusimulia sisi Wakongo wa Nateete kila Jumapili mchana. Anakaa kwenye stuli kando ya skrini, wazungu wanasema yao, yeye anatupa kwa Kiswahili cha kwetu. Hata jina Jabali alilitoa yeye. Kwa Kizungu shujaa huyo ana jina lingine, hatulijui wala hatulitafuti. Hataki kurekodi sauti yake kwenye flashi kama wenzake. Kila onyesho analisema upya kwa mdomo wake. Tulikuwa tunamsifu kwa hilo!

Jumapili, 12 Oktoba

Aristide ametangaza kwamba anamuaga Jabali wa zamani, na leo ilikuwa zamu ya filamu ya pili. Kibanda kilijaa hadi watu wa dirishani. Nilikaa mbele. Sikutazama skrini. Nilimtazama yeye.

Ni mtu mzima, ndevu zina mvi, mnyamavu akiwa hana maikrofoni. Akiwa nayo ni mtu mwingine. Kwenye mapigano anaruka na stuli yake. Kwenye mapenzi anatuchekesha. Daraja lilipofika alifumba macho.

Afumbe macho kwa nini? Atafasirije asichokitazama?

"Kaka! Nimevaa kandambili za yaya, zinateleza!" Leo alisema yaya badala ya dada, jinsi kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Halafu akaongeza kitu ambacho hajawahi kukisema, nakiapia, sijawahi kukisikia: "Ile moja imefungwa na waya!"

Watu walilia kama kawaida. Huguette aliniegemea akapenga kamasi kwenye kitenge changu. Mimi sikulia.

Kandambili yangu ya kushoto ilikatika mkanda. Baba aliifunga kwa waya wa bluu wa redio mbovu. Baba hayupo. Mama hayupo. Hapa Kampala sijamwambia mtu, hata Huguette. Hata kwenye daftari hili sikuwa nimeandika mpaka leo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilimzungukia Huguette akiwa anasuka. Aristide ni mtu wa wapi? Akasema wa Goma. Mteja wake akasema hapana, Bunia. Mwenye duka la jirani akasema aliwahi kumwambia Uvira. Mtu mmoja, miji mitatu! Kanisani haonekani, msibani haonekani, hana mtu wa kwao.

"Unamutafutia nini?" Huguette aliuliza. "Ulimupenda?"

Nilicheka naye. Afadhali afikiri hivyo.

Mtu aliyeona waya ule aliuona karibu sana. Labda alikuwa anakimbia kama sisi. Labda aliokota kandambili baadaye. Au alikuwa na wale waliokuwa wanatukimbiza. Nimeliandika. Kila aliyekuwa pale alikuwa upande mmoja wa mto au mwingine, na yeye ameficha upande wake mpaka leo.

Na sisi tumekaa miguuni pake kila Jumapili, tunampigia makofi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimekwenda.

Kibanda kilikuwa wazi, hakuna watu, mabenchi yamepinduliwa kwa ajili ya kufagia. Yeye kakaa chini anatengeneza spika, nyaya zimemzunguka magotini. Nilikuwa nimepanga la kusema tangu asubuhi. Mimi siulizi swali moja kwa moja, hasa kwa mtu wa miji mitatu. Nilimsalimia, nikaanza na studio. Akasema naye hawaamini. Akasema wanataka kuuza tena kitu kilekile. Tukakubaliana vizuri kabisa.

Kisha nikamsifu. Nikasema, Papa Aristide, Jumapili ulituua. Ule waya mwekundu kwenye kandambili, uliuwaza wapi?

"Haikuwa nyekundu," alisema bila kuinua kichwa. "Ilikuwa bluu."

Halafu mikono ikasimama.

Mungu wangu! Mtego niliutega mwenyewe, na uliponasa ni mimi niliyeshtuka.

"Ni filamu tu, mama," akasema.

Nikamwambia filamu haina kandambili. Nimeiona bila yeye. Nikamwambia kandambili zilikuwa zangu. Sauti ilinitoka kama ya mtoto, na niliichukia.

Aliniangalia miguu. Si uso, miguu! Aliangalia muda mrefu. Nikamuuliza alikuwa upande gani. Nikamuuliza tena. Akashika bisibisi, akaiweka.

"Hivi, tumekaa tunaangaliana, siwezi," alisema. "Miye nasemaka nikiwa na picha. Njoo siku ya Mungu, Jumapili. Batu ba studio banaanza upya, na miye nitaanza upya."

Nilimwambia anataka nafasi ya kutoroka. Akasema angetaka kutoroka angeacha kusema kandambili zamani. Alikuwa anasema kila mara ili kama kuna mtu wa yule mtoto, asikie.

Simwamini. Nimepita tena jioni kuona kama spika bado zipo. Zipo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Kundi la mashabiki limechafuka kwenye simu. Huguette anataka tuiandikie studio barua: mtoto afe, hatutaki mchezo. Dawudi anataka aishi. Wameniuliza mimi niko wapi, maana nilipiga kelele kuliko wote.

Sijajibu. Nimeandika, nimefuta. Nikisema aishi nitaanza kumtazama kila kijana wa rika lake huko mjini, kama Mama. Mama aliwahi kumshika mkono kijana asiyemjua pale steji ya teksi na hakumwachia. Sitaki kuwa yule mwanamke.

Lakini nataka kujua. Ndiyo, nataka.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika nikiwa ndani, benchi la mbele, kwa mwanga wa skrini. Nimekuja na daftari ili maneno yake niyakamate jinsi yatakavyotoka, asije akayageuza kesho. Aristide amekuja. Amevaa shati jeupe, sijawahi kumwona na shati jeupe. Ametangaza kwamba anarudia filamu ya pili. Watu wamelalamika, wanataka ya tatu. Dawudi yupo mlangoni. Kasema kaja kuhakikisha mtoto anakufa kwa haki. Wamecheka.

Anasimulia vibaya leo. Mapigano yamepita hajaruka. Watu wananong'ona. Huguette anasema anaumwa. Mimi nasema anahesabu milango ya kutorokea.

Daraja hilo. Jabali anageuka jiwe. Watu wanavuka.

Ameshusha sauti ya filamu. Kabisa. Wazungu wanafungua midomo bure.

Ameisimamisha picha! Mtoto kakwama hapo, maji kiunoni, mkono juu. Kelele! Wanadhani mashine imeharibika. Mtu anasema arudishiwe kiingilio.

Anaongea. Amegeuka, haangalii skrini. Anasema: hapa batu ba studio wanasema mtoto alizama. Na miye nimewaambia hivyo miaka yote. Anasema darajani hapakuwa na jiwe wala Jabali. Palikuwa na batu, na mwanaume mmoja aliyekuwa na bunduki ya wale waliokuwa wanakimbiza watu, na mtoto alimshika suruali akidhani ni askari wa kumsaidia.

Watu wanasogea mbele. Hata wa dirishani.

Anasema yule mwanaume aliitupa bunduki majini. Au anasema hivyo tu! Naandika haraka, mkono unauma. Anasema alimwinua mtoto, na kandambili moja ikatoka mguuni, ile ya waya, ikaenda na maji, na mtoto akawa analilia ile tu, yaya atanipiga, yaya atanipiga.

Ndiyo. Ningempiga. Ni Tresor huyo, ni yeye, hakuna mwingine.

Amekomea hapo. Dawudi anapaza sauti kutoka mlangoni: "Alikufa au aliishi? Sema, ssebo!" Huguette analia, hajui analia nini.

Aristide ameniona. Ananitazama usoni sasa. Anasema kwenye maikrofoni, mbele ya watu wote hawa: "Yaya. Niendelee, ao niache vile ilikuwa?"

Vichwa vyote vinazunguka, wanamtafuta yaya ni nani.

Mtoto bado kakwama kwenye skrini, mkono juu. Huguette ameona daftari langu. Ameona mkono wangu. Ananiuliza, Kahambu, ni wewe?

Aristide anangoja. Nimesimama, naandika nimesimama, na nimemwambia: endelea.